Gari Dogo Lililotumika: Mafuta, Kasoro na Haki ya Mnunuzi



Maswali tunayoletewa baada ya darsa zamani yalikuwa ya ndoa, talaka na mirathi. Siku hizi yameongezeka ya magari. Mwalimu wa madrasa amejikusanyia vijisenti kwa miaka sita. Mama aliyestaafu anataka gari la kumpelekea mumewe kliniki. Kijana amepata kazi ng'ambo ya feri na amechoka kuamka kabla ya adhana ya alfajiri kuwahi matatu. Wote huuliza mambo mawili: ninunue gari lipi lisilonimaliza kwa mafuta, na je, makubaliano haya ninayotakiwa kuyatia sahihi yanajuzu? Tumeona tuyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa katika biashara hii hayatengani.

Tuanze na mafuta, maana ndiyo yanayowatia watu hofu kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA inapotangaza bei mpya. Gari hununuliwa mara moja, mafuta hununuliwa kila wiki. Mchukue mtu aendaye kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Gari liendalo kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 100. Liendalo kilomita 16 kwa lita litakunywa lita 62 na nusu. Tukikadiria lita kwa shilingi 180, tofauti yake ni shilingi 6,750 kwa mwezi, na kwa mwaka shilingi 81,000. Nyumba nyingi tuzijuazo zaweza kulipia karo kwa fedha hizo. Kwa hiyo gari lililo rahisi kwa shilingi 60,000 siku ya kununua, lakini lenye injini kubwa, halikuwa rahisi hata kidogo. Mwaka haujaisha nalo limekwisha kujilipa kutoka mfukoni mwako.

Hata hivyo, zile takwimu za mafuta zinazoandikwa kwenye matangazo msizichukue kama zilivyo. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yalipimwa huko kwa kipimo kiitwacho JC08, gari likiwa juu ya magurudumu ya maabara, hakuna jua la Kaskazi, hakuna foleni ya Changamwe, hakuna watoto watano nyuma. Gari lililosimama kwenye foleni ya feri ya Likoni, injini inanguruma na AC inafanya kazi, haliendi hata kilomita moja kwa lita hiyo. Njia ya kweli ya kupima ni ile ya wazee: jaza tangi mpaka juu, andika kilomita, endesha siku zako za kawaida, kisha jaza tena mpaka juu na ugawanye kilomita ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Ukiwa na jirani mwenye gari la aina uitakayo, mwombe akufanyie hesabu hiyo. Jawabu lake lina thamani kuliko tangazo lolote.

Katika magari madogo yaliyojaa mitaani kwetu, Vitz ya injini ya 1000 ni ya kutosha kwa mtu na mkewe na mizunguko ya mjini. Ina silinda tatu tu. Mkiwa watu wazima watano na mizigo, mnapanda mwinuko wa Mazeras kwenda bara, italalamika, na injini inayolazimishwa hula mafuta kuliko kubwa kidogo inayokwenda kwa raha. Mwenye safari za mara kwa mara nje ya mji na atazame ya 1300. Demio ya 1300 ya kuanzia mwaka 2014 tunaisikia ikisifiwa kwa mafuta, na gia yake ni oto ya kawaida yenye hatua sita. Ile Demio ya dizeli ni nzuri barabara kuu, lakini kwa safari fupi fupi za kutoka Majengo hadi Makadara chujio lake la moshi huziba. Note na Fit zina nafasi nzuri nyuma; Fit tangi lake limewekwa chini ya viti vya mbele, ndiyo maana viti vya nyuma vyakunjika hata ukapakia baiskeli. Lakini nyingi kati ya hizi mbili zina gia ya CVT, isiyo na hatua, izungukayo kwa mkanda wa chuma. Gia hiyo yataka oili yake maalumu kwa wakati wake. Fundi wa kando ya njia akiimiminia oili yoyote ya gia aliyo nayo, umekwisha kuiua, na bei ya kuibadilisha itakufanya uone ulinunua gari mara mbili. Mwulize muuzaji ni lini ilibadilishwa oili ya gia. Akibabaika, hilo ni jawabu.

Familia kubwa, na zetu nyingi ni kubwa, zisijibane ndani ya Vitz kwa kuona haya. Sienta ina viti saba, injini ya 1500, na milango ya nyuma ni ya kuteleza. Mama mzee mwenye maumivu ya magoti huingia bila kuinama sana, na mtoto hawezi kuufungua mlango ukampiga mwendesha boda anayepita. Probox nayo ni gari la kazi: ngumu, vipuri vyake viko kila mahali, viti vya nyuma vigumu kama mabao. Ukiambiwa Probox fulani ilikuwa ikibeba miraa, iache. Ile haikuendeshwa, ilirushwa.

Juu ya haibridi tumeulizwa sana. Aqua ya 1500 kwa kweli hubana mafuta mjini, kwa kuwa kwenye foleni injini hujizima na gari likaenda kwa betri. Lakini betri ile haipendi joto. Hupozwa na feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, na tundu hilo likizibwa na vumbi, manyoya ya zulia au begi la shule, betri huungua polepole bila mtu kujua. Kwa hiyo kabla ya kununua, fungua kifuniko cha tundu hilo utazame. Na gari lipimwe betri kwa mashine na fundi ajuaye haibridi, si kwa kubahatisha.

Sasa, uagize au ununue lililokwisha tumika hapa nchini? Sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na lazima likaguliwe huko litokako kabla ya kupakiwa melini. Anayeagiza akumbuke kwamba KRA haitozi kodi kwa risiti yake ya ununuzi. Wao wana orodha yao ya thamani, hupunguza kwa umri wa gari, kisha juu yake huja ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na tozo nyinginezo. Tumewaona watu waliofurahia bei ya Japani wakakwama bandarini, gari linalimbikiza gharama za kuhifadhiwa nao wanakopa huku na huku. Mwenye mfuko mdogo mara nyingi ataangukia gari la hapa hapa. Si vibaya, ila lataka macho zaidi.

Na sisi watu wa pwani tuna adui wetu wa peke yetu, naye ni kutu. Upepo wa bahari una chumvi. Gari lililolala miaka mitatu ufukweni Bamburi au Shelly huliwa kwa chini wakati juu linang'aa kwa rangi mpya. Hata lile litokalo Japani huenda lilitumika sehemu za kaskazini, ambako barabara hutiwa chumvi kuyeyusha theluji. Basi inama, lala chini ukibidi. Tazama mabomba ya breki, kingo za milango kwa chini, na pale magurudumu yanapokingwa. Rangi nyeusi iliyopakwa juzi kwenye chini ya gari zee haikupakwa kwa mapenzi.

Kuna na magari ya mafuriko. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 zilizamisha mengi, na gari lililozama halifi siku hiyo; huoshwa, hukaushwa, huuzwa, kisha nyaya zake huanza kuoza. Nusa zulia. Sukuma kiti mbele utazame reli na bolti zake kama zina tope au kutu. Tazama taa kama zina ukungu kwa ndani. Na unapokwenda kuliona gari, shika boneti kabla ya kuwashwa. Ikiwa ni moto, muuzaji ameliwasha mapema kuficha jambo. Mwambie utarudi asubuhi nyingine. Moshi wa buluu ni oili inaungua. Rejeta yenye maji ya kutu, katika joto hili letu, ni dalili kwamba mwenyewe alikuwa akimimina maji ya bomba miaka yote. Mlipe fundi wako mwenyewe, asiyejuana na muuzaji. Elfu mbili tatu za fundi si hasara.

Tufike kwenye mita ya kilomita, kwa kuwa hapa ndipo penye dhuluma kubwa zaidi. Mmoja katika jamaa wa msikitini kwetu, mtu mnyonge tu, alinunua gari lililoonyesha kilomita 62,000. Baadaye alipopata karatasi ya Japani ya kuliondolea gari usajili ili lisafirishwe, aliikuta imeandikwa kilomita 141,000. Karatasi hiyo huandikwa kilomita zilizosomwa katika ukaguzi wa serikali ya Japani, ambao hufanywa gari likitimiza miaka 3 na kisha kila miaka 2. Kwa hiyo anayenunua gari jipya kutoka nje na aidai karatasi hiyo, pamoja na karatasi ya mnada yenye daraja la gari. Iliyoandikwa herufi R ina maana gari lilipata ajali likatengenezwa. Kwa gari la hapa, tazama usukani na pedali. Usukani uliolainika kama sabuni, na mpira wa breki uliolika upande, hautoki kwenye gari la kilomita 60,000.

Kurudisha nyuma mita si jambo jipya katika fikihi, ingawa mita yenyewe ni mpya. Mtume (SAW) amekataza kufunga viwele vya ngamia na mbuzi ili maziwa yajae siku ya kuuza na mnunuzi adhani mnyama ni mwenye maziwa mengi. Wanazuoni wameiita tasriya. Hadithi imo katika Bukhari na Muslim, na hukumu yake ni kwamba mnunuzi akishagundua ana khiari: akitaka atabaki naye, akitaka atamrudisha, na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyoyakamua. Mwenye kurudisha mita amefunga kiwele. Na ile hadithi ya rundo la nafaka katika Sahihi Muslim wengi mwaijua: Mtume (SAW) alitia mkono ndani ya rundo sokoni, vidole vikagusa unyevu, na mwenye mali alipotoa udhuru wa mvua aliulizwa kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione. Hakuambiwa asiuze nafaka iliyolowa. Aliambiwa aionyeshe. Muuzaji wa gari lenye gia mbovu naye ana ruhusa ya kuuza, kwa bei ya gari lenye gia mbovu.

Wauzaji wengi wamejifunza kinga moja: huandika kwenye mkataba kwamba gari limeuzwa kama lilivyo na mnunuzi hana madai. Je, sentensi hiyo yawasafisha? Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli iliyo na nguvu ni kwamba muuzaji akijitoa katika kila kasoro, kujitoa huko hakumfai isipokuwa kwa kasoro ya ndani ya mnyama, ambayo mwenyewe hakuijua. Mnyama alitengwa kwa kuwa maradhi yake hufichika hata kwa mwenye naye. Basi aliyejua kwamba injini imepasuka akanyamaza, akajificha nyuma ya maneno hayo, haki ya mnunuzi iko pale pale mbele ya Mola wake, hata kama karatasi ina mihuri mitatu.

Lakini na mnunuzi ana lake la kujua, nalo hupotezwa mno. Khiari ya kurudisha kwa kasoro, kwa Shafi, ni ya papo kwa papo. Ukishaijua kasoro, usiendelee kulitumia gari wiki tatu huku ukilalamika barazani. Kulitumia baada ya kujua ni kuridhia. Wala usimkimbilie fundi akafungua injini kabla ya kumwarifu muuzaji, kwani likipata kasoro nyingine mikononi mwako huwezi tena kumlazimisha alipokee, ila utadai fidia ya upungufu. Lizime, piga simu, na ujumbe wa maandishi uupeleke siku hiyo hiyo. Bora kuliko yote ni kuweka sharti la khiari tangu mwanzo: sheria imeruhusu hadi siku tatu. Siku tatu zatosha kulipeleka gari kwa fundi, kulipanda Mazeras na kulirudisha. Muuzaji mkweli hatakataa, na akikataa umejua.

Kuhusu arbuni. Neno hili tumelichukua kwa Waarabu pamoja na jambo lenyewe: mnunuzi hutoa kiasi, akinunua huhesabiwa katika bei, akiacha humpotea. Wanazuoni wengi, Shafi akiwamo, hawakuuhalalisha uuzaji wa namna hiyo. Imamu Ahmad aliuruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fikihi mwaka 1993 likauruhusu kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwe na mpaka unaojulikana. Ushauri wetu ni huu: ukilazimika kutoa arbuni, iwe ndogo, iandikwe siku ngapi, na iandikwe kwamba gari likikutwa na kasoro au hati zake zikiwa na dosari, fedha zinarudi zote.

Dalali ujira wake ni halali ukijulikana. Kile kinachoitwa "cha juu", ambapo dalali humwambia mwenye gari laki nne na mnunuzi laki nne na nusu, naye akameza tofauti kimyakimya, ni khiyana. Wakala ni mwaminiwa, na ziada ni ya aliyemtuma ila wakikubaliana vingine. Na yule rafiki wa muuzaji anayepiga simu mbele yako akijifanya ana fedha taslimu na yuko njiani, huyo amefanya najshi, nayo imekatazwa kwa hadithi. Mwache aje alichukue.

Wengi hawana fedha zote kwa mara moja, na hapa ndipo riba inapoingia kwa mlango wa nyuma. Kuuza kwa mkopo kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu kunajuzu kwa jamhuri ya wanazuoni, maadamu mmekubaliana bei moja kabla hamjaachana na isiongezeke tena. Kisichojuzu ni mkataba usemao kwamba ukichelewa mwezi, deni litakua kwa asilimia fulani. Hiyo ni riba ya kijahilia hasa, hata kama yadi ni ya Mwislamu na ukutani pana Ayatul Kursiy. Usomeni ukurasa wa mwisho wa mkataba, kwa kuwa huko ndiko inakowekwa. Katika murabaha ya mabenki ya Kiislamu, benki yapasa kwanza ilinunue gari, liingie katika dhamana yake, kisha ikuuzie kwa faida iliyotajwa. Ulizeni: gari likiungua leo kabla sijauziwa, hasara ni ya nani? Wakisema ni yako, hawajauza kitu, wamekukopesha fedha.

Limebaki la karatasi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ni ya kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ajabu ni kwamba watu walioihifadhi hununua gari kwa maneno matupu kwa sababu muuzaji ni binamu. Kabla ya kutoa shilingi, tafuta habari za gari kwa NTSA kupitia eCitizen: ni la nani, na je, lina jina la benki kwenye logbuku? Likiwa nalo, deni la mwenzako ulinunualo ni lako. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa, kwa jicho lako. Mkataba utaje kilomita zilizoko kwenye mita siku hiyo, kasoro alizozitaja muuzaji, na siku za khiari. Mkikosana, msitukimbilie sisi kutaka tuwapeleke kwa Kadhi: kwa kifungu cha 170 cha Katiba, Mahakama ya Kadhi husikiliza hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, si gari. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja yana Mahakama ya Madai Madogo, ambayo sheria imeipa siku 60 kumaliza kesi, na huko karatasi yako ndiyo shahidi wako.

Na mkishamalizana, uhamishaji wa umiliki usingoje Ramadhani wala bonasi. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 gari liingie kwa jina lako. Kwa anayeuza jambo hili ni zito zaidi: gari lililobaki kwa jina lake likigonga mtu Mariakani usiku, polisi watabisha kwake, wala hawatamuuliza aliliuza lini.

Wallahu a'lam.